Mwongozo kamili wa kuboresha bastola ya kiwandani: uanzie wapi, uguse nini na uache nini

Watu wengi wakinunua bastola ya nusu-otomatiki cha kwanza wanaulizia triga, kile kidude cha kufyatulia. Mimi naomba uanze mbali na triga kabisa, kwa sababu bastola za kiwandani za siku hizi zina uwezo mkubwa kuliko mikono ya wengi wetu, na kinachokunyima alama kwenye karatasi mara nyingi ni mshiko usiokutosha, saiti (alama za kulengea) usiyoiona vizuri, au risasi ambazo mtutu wako hauzipendi, na hivyo vyote unavirekebisha bila kugusa hata pini moja ya ndani.

Kabla hatujaanza tuelewane mambo mawili. La kwanza ni sheria: kila nchi ina kanuni zake, kuna sehemu kubadili mtutu ni sawa na kumiliki silaha nyingine na lazima kibali kibadilishwe, kuna sehemu magazini ya risasi nyingi hairuhusiwi, kuna sehemu kifaa cha mdomo wa mtutu kinahitaji ruhusa ya peke yake, kwa hiyo waulize wanaotoa leseni kabla hujanunua kifaa chochote. La pili ni usalama wa mezani. Toa magazini, vuta slaidi (kipande cha juu kinachoteleza nyuma na mbele), angalia chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) kwa macho, ingiza na kidole, halafu risasi zote zipeleke chumba kingine. Ukiinuka kwenda kunywa maji ukarudi, unakagua upya tangu mwanzo. Miwani ya kazi vaa, maana springi ya slaidi ikikuponyoka inaruka kwa nguvu na jicho halina spea.

Kwanza ijue ilivyo sasa

Huwezi kusema umeboresha kitu ambacho hukukipima. Nenda renji na bastola ikiwa safi, ilivyotoka kwenye boksi, weka shabaha mita 25, kaa chini, egemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga (mikono, sio mtutu), piga risasi tano taratibu kisha pima umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Rudia hivyo kwa makundi kadhaa. Bastola nyingi za kazi za 9mm zinakusanya ndani ya sentimita 5 mpaka 10 kwa umbali huo, na kama yako iko humo basi mtutu hauna tatizo, usitupe hela kwenye mtutu mpya.

Siku hiyohiyo jaribu risasi za uzito tofauti. Kwa 9mm kuna zile za greni 115 (kama gramu 7.5), 124 (gramu 8) na 147 (gramu 9.5), na utashangaa bastola moja inavyobagua: hii inakusanya vizuri, ile inatawanya. Risasi nzito kwa kawaida inagonga juu kidogo kwa sababu inakaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi wakati mdomo unainuka. Kwa hiyo chagua risasi yako kwanza, saiti baadaye, ukianza na saiti utairekebisha mara mbili.

Kitu kingine ambacho watu wanakiruka: mpe mpigaji mzoefu naye apige na bastola yako. Wewe unatumia mkono wa kulia na matundu yako yote yako chini kushoto, unasema saiti imepinda, yeye anapiga katikati. Basi saiti haijapinda, wewe unaikwanyua triga na mkono mzima unabana kwa pamoja. Hilo halitibiki kwa nyundo wala tupa, linatibika kwa kufyatua kavu kila siku dakika chache, na risasi bandia ikiwa kwenye chemba.

Mshiko

Shika bastola (tupu) unavyoshika ukipiga, elekeza sehemu salama, kisha mwombe mtu akuangalie kwa juu: mtutu unatakiwa uwe mstari mmoja na mkono wako wa mbele mpaka kwenye kiwiko, na katikati ya nyama ya kidole cha shahada itue katikati ya triga bila kulazimisha. Kama kidole hakifiki, au kinapita mpaka kwenye kiungo, mpini sio saizi yako. Bastola nyingi za plastiki zinakuja na vibao vya nyuma vya kubadilisha, viko kwenye boksi, watu wanaviacha humo miaka. Vijaribu vyote, hata kile unachodhani hakikufai.

Ukishapata saizi, ongeza msuguano. Tepu ya mpini yenye chenga ndio njia rahisi, unaipasha moto kidogo na mashine ya kukaushia nywele inalala vizuri, na ikikuudhi unaibandua. Kuna wanaochoma plastiki kwa ncha ya moto watengeneze madoadoa, kazi ikifanywa na mwenye mkono mzuri inapendeza sana, ila hairudi nyuma, ukikosea fremu ndio imeshakosewa. Kwa bastola za chuma kama 1911 au CZ 75 unabadilisha vibao vya pembeni tu, skrubu mbili au nne umemaliza, na vibao vyembamba vinasaidia sana kwa mwenye mikono midogo.

Hapa ndipo mabadiliko makubwa yanapoonekana kwa bei ndogo na bila hatari yoyote. Bastola isiyozunguka mkononi inarudi kwenye shabaha yenyewe.

Saiti

Saiti za kiwandani nyingi ni za doti tatu nyeupe, zinafaa kwa kila mtu kiasi na hazimfai mtu yeyote hasa. Unachotaka ni saiti ya mbele nyembamba inayovuta jicho (uzi wa faiba wa kijani au mwekundu unafanya kazi nzuri mno mchana) na ya nyuma iwe nyeusi tupu, ina mkato mpana kiasi uone mwanga pande zote mbili za saiti ya mbele. Mwanga huo ndio jicho linaloutumia kupima katikati.

Kuzibadilisha: slaidi itoe kwenye fremu, ibane kwenye jiriwa yenye ngozi au mbao kwenye meno. Piga alama ya penseli mahali saiti ya zamani ilipokaa. Saiti zilizokaa kwenye mfereji kwa desturi zinatoka kwa kugongwa kutoka kushoto kwenda kulia ukiwa umeangalia kama mpigaji, na mpya zinaingia kutoka kulia kwenda kushoto, ila soma karatasi ya bastola yako maana sio zote zinafuata hivyo. Tumia punchi ya shaba au nailoni, gonga chini kabisa kwenye msingi wa saiti, ukigonga juu unaivunja. Kama ina skrubu ya kufunga legeza kwanza. Saiti mpya ikikataa kuingia usiilazimishe kwa nyundo nzito, isugue msingi wake kidogo kidogo kwa tupa laini, isugue SAITI, usiguse mfereji wa slaidi, saiti ikiharibika unanunua nyingine, slaidi ni habari tofauti. Saiti ya mbele ya Glock imefungwa kwa skrubu ndogo toka chini ndani ya slaidi, inataka kifunguo chake chembamba na tone la gundi ya nyuzi isiyo kali, ile ya bluu.

Sasa kurekebisha. Saiti ya nyuma unaisogeza upande uleule unaotaka risasi iende, ya mbele kinyume chake. Risasi zinagonga chini? Inua ya nyuma au punguza ya mbele. Na usikisie, piga hesabu: kosa la kwenye karatasi zidisha kwa umbali kati ya saiti mbili, gawanya kwa umbali wa shabaha. Tuseme umbali kati ya saiti ni milimita 165, shabaha iko mita 25, yaani milimita 25,000, na risasi zinagonga sentimita 10 chini, yaani milimita 100. 100 mara 165 gawanya 25,000 ni milimita 0.66. Hiyo ndio tofauti ya urefu unayoihitaji, unaagiza saiti ya mbele iliyo fupi kwa kiasi hicho na kazi imeisha. Ona ilivyo ndogo, ndio maana wanaogonga saiti kwa macho wanahangaika siku nzima.

Redi doti, kile kioo kidogo cha juu chenye doti ya mwanga ya kulengea, ni hatua nyingine. Kwa macho yaliyoanza kuchoka ni msaada mkubwa kwelikweli, kwa sababu unaangalia shabaha tu badala ya kuhangaika na vitu vitatu vya umbali tofauti. Ukubwa wa doti unapimwa kwa MOA (kipimo kidogo cha pembe), na MOA moja kwa mita 25 ni kama milimita 7, kwa hiyo doti ya MOA 3 inafunika karibu sentimita 2 na ya MOA 6 zaidi kidogo ya sentimita 4. Ya kulenga taratibu chukua ndogo, ya mashindano ya kasi chukua kubwa. Kabla ya kununua hakikisha mpangilio wa matundu ya skrubu za doti unalingana na slaidi yako au una bamba la kati, haya mambo hayafanani kati ya kampuni na kampuni. Safisha nyuzi kwa spiriti zikauke, gundi ya bluu kidogo, kisha kaza kwa bisibisi yenye kipimo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya doti yako. Ni kiwango kidogo sana, mkono mtupu unazidisha na skrubu inakatika shingo. Chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye bodi ya doti, siku skrubu ikizunguka utauona mstari umeachana.

Mwanzoni utaitafuta doti huioni. Hiyo inaisha kwa mazoezi ya kavu, unainua bastola macho yakiwa yameganda kwenye shabaha, tena na tena.

Springi ya slaidi

Hapa ndipo watu wanaharibu bastola nzuri, kwa hiyo nitakaa kidogo. Springi ya slaidi inafanya kazi mbili, inapunguza kasi ya slaidi ikirudi nyuma na inaisukuma mbele ichukue risasi mpya na kufunga. Zinauzwa kwa paundi, kwa mfano 1911 ya .45 yenye mtutu wa inchi 5, ile aliyobuni John Browning, desturi yake ni paundi 16. Ukiweka nyepesi mno slaidi inagonga fremu kwa nguvu, maganda yanaruka mbali sana, na inaweza kukosa nguvu ya kufunga. Ukiweka nzito mno slaidi hairudi nyuma ya kutosha, ganda linanasa, risasi inayofuata haichukuliwi, na mdomo wa bastola unatumbukia chini slaidi ikifunga kwa hiyo doti inacheza.

Springi inafuata risasi. Unapiga risasi laini za mashindano, shuka paundi moja au mbili. Unapiga risasi kali, baki na ya kiwandani. Usiruke paundi nne kwa mkupuo kwa sababu umeona bingwa fulani anafanya, yeye slaidi yake imechongwa ikawa nyepesi na risasi amezitengeneza mwenyewe.

Kwa wanaoshindana, risasi laini nazo zina mpaka. IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya kupiga shabaha kwa vitendo, lililoanzishwa mwaka 1976, inatumia kipimo cha nguvu: uzito wa risasi kwa greni zidisha kwa kasi kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000, na daraja dogo linataka angalau 125. Risasi ya greni 124 ikienda futi 1,050 inakupa 130.2, iko salama na haipigi teke sana. Ukiwa na risasi ya namna hiyo ndio springi nyepesi inaleta maana.

Jaribio la kujua springi imechoka au ni dhaifu mno, hasa kwa Glock na ndugu zake: bastola tupu kabisa, umehakikisha, elekeza mdomo juu, bana triga uishikilie nyuma, vuta slaidi mpaka mwisho halafu irudishe taratibu kwa mkono. Slaidi inatakiwa ijifunge yenyewe kabisa. Ikibaki wazi hata kidogo, springi hiyo haifai.

Triga, na mpaka usiovukwa

Haya tumefika. Kwanza pima: mizani ndogo ya ndoano, weka katikati ya uso wa triga, vuta moja kwa moja nyuma mara kumi, chukua wastani. Zile za Glock za kawaida kiwanda kimetaja kama kilo 2.5 kwa miaka mingi. Kama unashindana soma kanuni za daraja lako kabla, ISSF (shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha) kwa mfano kwenye bastola ya mita 25 inataka angalau gramu 1,000, na majaji wanapima kwa kuning'iniza uzito, triga ikiachia kabla ya hapo umekosa.

Uzito peke yake sio kila kitu. Triga nzuri ni ile isiyokwaruza, ina ukuta unaoujua, inaachia pale pale kila mara, na inarudi kwa umbali mfupi unaousikia kwenye kidole. Kilo mbili safi ni bora kuliko kilo moja na nusu yenye makorokoro. Na kabla hujanunua chochote: isafishe, tia mafuta mahali panapostahili, fyatua kavu mara mia kadhaa kama kitabu cha bastola yako kinaruhusu. Vyuma vinajisugua vyenyewe. Wengi wakifika hapa hamu ya kubadilisha triga inaisha.

Ukiendelea, nunua seti kamili iliyotengenezwa kwa modeli yako na kampuni inayojulikana, inayoingia bila kuchongwa na inayobakisha sefti zote. Uso wa triga ulio bapa, koneta ya kampuni (kijichuma cha ndani kinachoathiri uzito wa triga), springi ya nyundo nyepesi kidogo kama ile D ya Beretta 92 ambayo imezoeleka miaka mingi, hizi ni za kubadilisha na kurudisha. Piga picha kila hatua ukifungua, na pini zitoe kwa punchi ya saizi yake hasa.

Springi ya nyundo ikiwa nyepesi mno, praima (viwashio vya risasi) ngumu hazilipuki, unasikia "tik" halafu kimya. Kama bastola ni ya kujilinda, usibadilishe springi ya nyundo wala ya pini ya kufyatulia. Iache ya kiwandani. Hapo sina mjadala.

Na mpaka wenyewe ni huu: usipige tupa wala msasa mahali sia (chuma kinachozuia nyundo mpaka ubane triga) inapokutana na nyundo au straika (pini ya kufyatulia ya bastola zisizo na nyundo), usitoe kizuizi cha pini ya kufyatulia, usikate springi kwa koleo. Nyuso hizo mara nyingi zina ugumu wa juu juu tu na pembe zake zinapimwa kwa vifaa, ukiziharibu bastola inaweza kulipuka ikianguka, au slaidi ikifunga, au kutoa risasi mbili kwa kubana mara moja, na hiyo ya mwisho mbali na kuua ni kosa kubwa la jinai nchi nyingi. Kazi ya hapo mpe fundi silaha mwenye leseni, mlipe, mwachie muda.

Ukishafunga, kagua. Bastola tupu: bana triga, shikilia nyuma, vuta slaidi na uiachie, sasa legeza triga taratibu, lazima usikie imejirudi, bana tena lazima ifyatue. Weka sefti kama ipo, bana kwa nguvu, isifyatue, toa sefti bila kugusa triga, isifyatue pia. Rudia mara kumi kumi. Renji anza na risasi moja kwenye magazini, halafu mbili tu, mara kadhaa, mbili zile zikitoka kwa kubana mara moja unaacha hapohapo na bastola inakwenda kwa fundi.

Magazini, klipu ya kutolea maganda, mafuta

Bastola inayokwama mara nyingi inakwama kwa magazini. Ziandike namba kwa maka peni, ikikwama angalia ni namba ngapi, ukiona ni ileile kila siku basi badilisha springi yake au iache ya mazoezi. Springi za magazini zinachoka zaidi kwa kujazwa na kumalizwa mara nyingi kuliko kwa kukaa zimejaa. Na mdomo wa magazini ukipinda usiunyooshe kwa koleo.

Kwa 1911, klipu ya ndani inayovuta ganda lazima ibane sawasawa: toa slaidi, telezesha risasi bandia chini ya klipu, itingishe polepole, ibaki imeshikwa. Ikidondoka, haibani.

Mafuta ni kidogo tu. Nje ya mtutu, kwenye reli za slaidi, na kwa Glock tone moja pale fimbo ya triga inapogusana na koneta. Njia ya pini ya kufyatulia inabaki kavu kabisa, mafuta humo yanashika uchafu na pini inapoteza kasi.

Vitu vya mdomo wa mtutu, mitutu ya mashindano, slaidi zilizotobolewa, hivyo vyote vinabadilisha mwendo wa slaidi na vinakurudisha kwenye hesabu ya springi tangu mwanzo, kwa hiyo viache mpaka umekamilisha haya mengine na bado unaona bastola ndiyo inayokuzuia.

Jaribio la mwisho

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, piga, andika, ndipo uende kingine. Ukiweka springi, triga na doti siku moja halafu ikwame, hujui umuulize nani. Baada ya mabadiliko ya mwisho rudia lile jaribio la mifuko ya mchanga mita 25 ulinganishe na karatasi za mwanzo, kisha piga angalau risasi 200 za aina utakayoitumia, kwa magazini zako zote, kwa mikono miwili, mkono wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake, maana mshiko dhaifu ndio unaofichua springi isiyofaa. Ikikwama hata mara moja kwa sababu usiyoielewa, rudisha springi ya kiwandani kwanza uhesabu 200 upya, ikiendelea kukwama rudisha na kilichofuata, kwa mpangilio ule ule ulioandika, na vyuma vya zamani viweke kwenye mfuko wenye jina la kila kimoja ndani ya sanduku la bastola.